Masta ya falsafa ya Kihindi na ya Kimagharibi: maswali ninayoulizwa kila mara

Tangu nimalize masta ya falsafa kule India meseji haziishi, na nyingi zinauliza yaleyale, kwa hiyo nimekaa nikayakusanya hapa. Yale ya fomu na mitihani nimeyajibu kwa kifupi. Yale ya somo lenyewe nimejiachia, kwa sababu naona hapo ndipo watu wengi wanaingia bila kujua wanaingia wapi.

Hii masta inahusu nini hasa?

Ni kozi ya miaka miwili, semista nne, na kwenye vyuo vingi vya India masomo ya lazima yanagawanyika karibu nusu kwa nusu. Upande mmoja unasoma shule za fikra za Kihindi: Nyaya, Vaisheshika, Sankhya, Yoga, Mimansa na Vedanta, ambazo zinakubali mamlaka ya Veda, yaani maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, halafu zile zisizoyakubali, yaani Charvaka, Ubuddha na Ujaini. Upande wa pili unaanza na Wagiriki, unapita kwa Descartes, Hume na Kant, unafika kwa Frege, Russell, Wittgenstein, Husserl, Heidegger. Juu ya hapo kuna mantiki, kuna maadili, kuna falsafa ya siasa, na semista za mwisho unachagua mwenyewe masomo kadhaa, na mara nyingi kunakuwa na tasnifu fupi.

Shule ya fikra kwa Kisanskriti inaitwa darshana, na neno hilo limetoka kwenye mzizi wenye maana ya kuona. Mi lilinikaa haraka sana kwa sababu hata sisi tukitaka kutoa wazo tunasema "naona", mi naona hivi, wewe unaonaje. Sasa kwenye hii kozi unakutana na namna tisa za kuona, na watu waliobishana kwa karibu miaka elfu mbili ni nani kati yao anaona sawasawa.

Falsafa ya Kihindi si ni dini tu?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote, hata na watu waliosoma sana, na naomba nilikalie kidogo.

Charvaka wanasema hakuna maisha baada ya kifo, na wanakubali chanzo kimoja tu cha kujua, yaani kile ambacho milango ya fahamu inakuletea. Mimansa, ambao kazi yao nzima ni kuitetea Veda, hawana haja na Mungu muumba, wanasema Veda haina mwandishi kabisa, si mtu wala Mungu. Sankhya ya zamani nayo inaeleza ulimwengu wote bila kumtaja Mungu. Wanaokuja kusema Mungu yupo ni Nyaya, na hawakuambii uamini tu, wanaleta hoja. Udayana aliandika kitabu kizima cha hoja hizo kama miaka elfu moja iliyopita, na karne ya 11 Mbuddha mmoja anaitwa Ratnakirti akazichukua hoja za Nyaya kuhusu Mungu akazipangua moja baada ya nyingine, na hakuzipangua kwa kusema maandiko yangu yanakataa, alizipangua kwa kuonyesha kwamba hitimisho halitoki kwenye ushahidi walioutoa.

Ni kweli wengi wao walitaja ukombozi, moksha au nirvana, kama lengo la mwisho la kujua. Lakini Plato naye aliijali sana hatima ya roho, na Spinoza anamalizia kitabu chake kikuu kwa kuzungumzia heri ya nafsi, na hakuna anayewatoa hao wawili kwenye silabasi akawapeleka idara ya dini. Ukitumia kipimo kimoja kwa upande mmoja na kingine kwa upande wa pili, hapo hujalinganisha kitu, umeshaamua tangu mwanzo.

Kwa nini zisomwe pamoja, si kila moja ni dunia yake?

Nitatoa mfano mmoja ule ulionifanya mimi nisilale.

Mwaka 1963 Mmarekani anaitwa Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu tu. Wakati huo wengi walikubaliana kwamba kujua jambo ni kuliamini, jambo lenyewe liwe la kweli, na uwe na sababu nzuri ya kuliamini. Gettier akaonyesha mtu anaweza kuwa na hayo yote matatu na bado usingesema anajua, amebahatisha tu. Makala ile ilizaa maandishi yasiyohesabika na mpaka leo watu wanaihangaikia.

Sasa sikia. Karibu mwaka 770 Mbuddha anaitwa Dharmottara anatoa mfano wa moto uliowashwa sasa hivi wa kuchoma nyama. Moto haujatoa moshi bado, ila harufu ya nyama imeshavuta wadudu, wamejaa kundi jeusi hapo juu. Mtu yuko mbali, anaona lile wingu la wadudu anadhani ni moshi, anasema pale kuna moto. Na moto upo kweli! Ana sababu, anaamini, na jambo ni la kweli, lakini hebu niambie, huyu anajua? Ana mfano mwingine wa mtu mwenye kiu jangwani aliyeona mazigazi akayakimbilia, kufika pale hakuna maji aliyoyaona ila kuna maji mengine chini ya jiwe.

Nilivyosoma hiyo mara ya kwanza nilirudi nikaisoma tena polepole nikidhani nimechanganya tarehe. Karibu miaka 1200 kabla ya Gettier! Lakini angalia, na hapa ndipo wengi wanateleza, Dharmottara hakuwa anajibu swali la Gettier. Alikuwa anafafanua maandishi ya Dharmakirti, Mbuddha aliyemtangulia, na anachokitafuta ni lini tukio moja la kufahamu linastahili kuitwa pramana, yaani njia halali ya kujua, wala hazungumzii imani ambayo mtu anakaa nayo kichwani hata akiwa amelala. Kwa hiyo mfano unafanana, swali halifanani kabisa, na ule umbali kati ya maswali mawili ndo utajiri wenyewe, ukikaa pale katikati unaanza kujiuliza kwani nani alituambia kwamba kujua ni aina ya kuamini?

Mwingine ni wa Hume. Kila mwanafunzi wa falsafa anajua Hume aliuliza kwa nini tunaamini kesho itafanana na jana, ameandika hayo mwaka 1739 na tena 1748. Charvaka walishauliza kitu cha jirani na hicho, kwamba umeona moshi na moto pamoja mara mia, sawa, lakini umejuaje kwamba kila mahali na kila wakati penye moshi pana moto? Na kilichonivutia mimi ni majibu zaidi ya swali. Udayana anasema shaka ina mpaka, na mpaka wake ni pale inapogongana na matendo yako mwenyewe. Shriharsha kwenye karne ya 12 anayachukua maneno hayohayo ya Udayana anayageuza kidogo tu yanamrudia mwenyewe, anasema kama mgongano upo basi shaka ipo, na kama mgongano haupo basi shaka ndo ipo zaidi. Halafu karne ya 14 anakuja Gangesha anasema mwenye kutaka moshi huwasha moto bila kusitasita, mwenye kutaka kushiba hula, mwenye kutaka kueleweka husema, sasa wewe unayedai una shaka mbona unatenda kama mtu asiyenayo? Ni mjadala mmoja unaopita mikono mitatu kwa karne kadhaa. Ukimsoma Hume baada ya hapo unamsoma kwa macho mengine.

Basi naweza kusema Shankara ni Kant wa India?

Tafadhali usiseme. Shankara ni mwalimu mkubwa wa Vedanta, hahitaji jina la kuazima. Kuna wakati kila mwanafalsafa wa Kihindi alitafutiwa pacha wa Ulaya, Nagarjuna, Mbuddha wa zamani, peke yake kafananishwa na Kant, halafu Wittgenstein alipopata umaarufu Nagarjuna naye akawa Wittgenstein, ukiangalia vizuri unaona anayebadilika ni msomaji, Nagarjuna yuko palepale.

Mfano unaowaangusha wengi kwenye mtihani ni Sankhya na Descartes. Utasikia wote wawili wanaamini uwili, basi wamefanana. Hapana. Descartes anagawa ulimwengu kati ya akili na mwili, kwa hiyo kufikiri, kutaka, kukumbuka, hayo yote yako upande wa akili. Sankhya wana purusha na prakriti, na upande wa purusha kuna ufahamu mtupu unaoshuhudia tu, hautendi chochote. Akili inayoamua, ile hisia ya "mimi", na kile kinachopokea habari za milango ya fahamu, vyote hivyo viko prakriti, upande mmoja na mawe na maji. Mstari umechorwa mahali pengine kabisa! Kwa Sankhya kule kufikiri ambako Descartes alikushikilia kama ushahidi wa nafsi yake ni kazi ya kitu kisicho na ufahamu wa chenyewe. Ukiliona hilo umeanza kulinganisha, kabla ya hapo ulikuwa unabandika majina.

Na lugha yetu ina mitego yake. Ukitafsiri atman kuwa "roho", msomaji anaingiza mambo ambayo Nyaya hawakuyasema, maana kwa Nyaya atman inaweza kuwepo bila ufahamu wowote, na ukombozi kwao ni hali ambayo haina hata raha. Mimi nilizoea kuacha neno la Kisanskriti kama lilivyo na kulieleza pale linapotokea mara ya kwanza.

Semina zinakuwaje? Ni kukariri?

Mitihani mingine ndiyo, kukariri kupo, nisidanganye mtu. Lakini semina nzuri inaendeshwa kwa kanuni ya zamani sana inaitwa purvapaksha. Maana yake kabla hujasema msimamo wako unautoa kwanza msimamo wa mpinzani, na unautoa kwa nguvu zake zote, kiasi kwamba yeye mwenyewe angekaa hapo angesema ndiyo, hicho ndicho ninachosema. Ndipo unajibu, na mwisho ndo unatoa siddhanta, hitimisho lako. Vitabu vya Kisanskriti vimeandikwa hivyohivyo, wakati mwingine unasoma kurasa nyingi ukidhani ni maoni ya mwandishi kumbe ni ya adui yake.

Pepa yangu ya kwanza niliandika kuwatetea Nyaya kwamba nafsi ipo. Hoja yao ni rahisi na nzuri sana: chungu nilichokiona ndicho ninachokigusa sasa. Jicho haliwezi kusema hivyo, maana jicho haligusi, na mkono hauoni, kwa hiyo lazima awepo mmoja aliyeona na ndiye huyohuyo anayegusa. Nikaandika kwa raha kabisa, Wabuddha nikawapa aya moja ya mistari minne hivi. Profesa akaichukua, akazungushia ile aya kwa penseli akanirudishia, akasema, "Huyu uliyempiga hapa hayupo. Mlete Mbuddha wa kweli ndo upigane naye." Nilikaa wiki tatu. Nikaenda kusoma jinsi Wabuddha wanavyoeleza mfululizo wa matukio ambapo kila tukio linaliachia alama lile linalofuata, kama vile mbegu inavyouachia mche, kwa hiyo kumbukumbu inapita bila kuwepo mtu mmoja anayeibeba. Niliporudi pepa ilikuwa na kurasa saba za Mbuddha na tatu zangu, na hitimisho langu lilikuwa limepungua sauti sana. Kama kuna kitu kimoja cha kwenda kukichukua kwenye hii masta ni hicho, kwa sababu kinakufaa hata unapomsoma Kant, hata unapobishana na ndugu yako.

Mantiki nayo usiiogope. Hoja ya Nyaya ina viungo vitano: mlima una moto, kwa sababu una moshi, penye moshi pana moto, kama jikoni, mlima huu una moshi wa namna hiyo, kwa hiyo mlima una moto. Mtu aliyezoea Aristotle anauliza jiko linafanya nini humo ndani, mbona kwa Aristotle hakuna mfano. Jibu ni kwamba hii ni hoja ya kumthibitishia mtu mwingine kwenye mdahalo, na mfano ni kitu ambacho nyote wawili mnakikubali. Halafu wanakutegea: je, ukigeuza, penye moto pana moshi? Hapana, pande la chuma lililoiva jekundu lina moto na halina moshi. Moshi unahitaji pia kuni mbichi, na sharti hilo lililojificha lina jina lake, upadhi. Tangu nijifunze upadhi siwezi kusikiliza takwimu yoyote bila kutafuta kuni mbichi ziko wapi.

Lazima nijue Kisanskriti?

Kwa masta, hapana, vyuo vingi vinafundisha kwa Kiingereza na tafsiri zipo. Kwa PhD ya upande wa Kihindi, ndiyo, angalau uweze kufungua maandishi ya asili ukaona tafsiri imekupeleka wapi. Anza semista ya kwanza, usisubiri, saa moja kila siku, na uanze na Devanagari, hati inayoandikiwa Kisanskriti, maana hiyo ndo inawakatisha watu tamaa mapema. Ukienda Ubuddha wa mwanzo utahitaji Kipali, na ukienda Ubuddha wa baadaye Kitibeti kinasaidia sana kwa sababu baadhi ya maandishi asili yake ya Kisanskriti yalipotea, yamebaki ya Kitibeti.

Kumbuka pia anayemsoma Kant bila Kijerumani yuko kwenye hali ileile, ila yeye haulizwi.

Digrii yangu ya kwanza sio falsafa, nitaweza?

Utaweza. Darasani kwetu kulikuwa na mhandisi, mwanasheria, na wawili waliosoma fizikia, na wa fizikia ndo walikuwa wakali kwenye Vaisheshika kwa sababu ya ile nadharia ya chembe. Vyuo vingi vinapokea digrii yoyote lakini angalia masharti ya alama. Kitakachokusumbua ni kasi ya kusoma, kurasa kumi za falsafa si sawa na kurasa kumi za kitu kingine.

Niombe chuo gani?

Inategemea unataka nini. Jadavpur ya Kolkata ina jina kubwa kwenye mantiki na falsafa ya uchanganuzi, pamoja na Nyaya. Banaras Hindu University iko Varanasi, mji ambao wapandita, yaani wasomi wa jadi wa Kisanskriti, wamekuwepo muda wote, kwa hiyo ukitaka kusoma maandishi na mwalimu wa jadi ni pazuri. Delhi kuna Delhi University na Jawaharlal Nehru University, na huko kusini kuna University of Hyderabad. Pune nako kuna historia nzuri: mwaka 1983 wapandita na wanafalsafa waliosomea upande wa Kimagharibi walikutanishwa hapo wajadili nadharia ya Russell, wapandita wakijibu kwa Kisanskriti kwa kutumia zana za Nyaya. Mwanafalsafa wa Kihindi Daya Krishna alikuwa mmoja wa watu waliosukuma mambo hayo, na maandishi yake ni ya kusomwa na kila anayefikiria kwenda.

Mi ushauri wangu usifuate jina la chuo. Fuata mwalimu. Angalia nani yuko pale sasa hivi, kaandika nini, na kama bado anasimamia wanafunzi.

Mgeni anaombaje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ufadhili wa serikali ya India kupitia ICCR, baraza lao la uhusiano wa kitamaduni, unaomba onlaini kwenye tovuti yao na unachagua vyuo humohumo. Ya pili ni kuomba chuoni moja kwa moja kupitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwa ada zako. Wahindi wenyewe wengi wanapita kwenye CUET-PG, mtihani wa pamoja wa kuingilia masta, maswali ya kuchagua, ukipata unaongezewa alama nne ukikosa unakatwa moja. Wageni vyuo vingi vina utaratibu wao wa pembeni, soma tangazo la chuo husika.

Ukishafika na viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 unatakiwa ujisajili FRRO, ofisi ya kusajili wageni, ndani ya siku 14, inafanyika onlaini. Msichelewe jamani. Ofisi ya chuo changu ilinichelewesha barua moja tu na nilitumia wiki yangu ya kwanza ya masomo nikisimama kwenye foleni badala ya kukaa darasani. Omba barua hiyo siku ileile unayoripoti.

NET na JRF ni nini, naona kila mtu anavizungumzia?

UGC-NET ni mtihani wa taifa wa kustahili kufundisha chuo kikuu kama mhadhiri wa ngazi ya kuanzia, unafanyika mara mbili kwa mwaka. Pepa ya kwanza ni ya jumla ina maswali 50, ya pili ni ya somo lako ina maswali 100, kila swali alama mbili, saa tatu kwa pamoja, na hukatwi alama ukikosa. Walio juu kabisa wanapata JRF, posho ya utafiti, ambayo tangu Januari 2023 ni rupia 37,000 kwa mwezi miaka miwili ya kwanza halafu 42,000. Posho hiyo ni ya raia wa India, lakini tangu 2024 alama za NET zinatumika pia kuingilia PhD, ndo maana darasa zima litakuwa linaizungumzia na wewe utakuwa unasikiliza.

Hata kama haikuhusu, chukua maswali ya zamani ujipime. Pepa ya falsafa inakulazimisha ujue pande zote mbili, huwezi kukimbilia ule unaoupenda.

M.Phil bado ipo? Na PhD inachukua muda gani?

M.Phil, digrii ya utafiti iliyokuwa kati ya masta na PhD, imefutwa na kanuni za mwaka 2022 za UGC, tume ya vyuo vikuu ya India, mtu akikuahidi M.Phil sasa hivi muulize maswali. PhD ni miaka mitatu kwa uchache na sita kwa mwisho, na wanawake na wenye ulemavu wa zaidi ya asilimia 40 wanaruhusiwa miwili ya ziada. Ukiingia kwa masta, iwe na asilimia 55.

Naweza kusoma kwa masafa?

Ndiyo, IGNOU, chuo kikuu huria cha taifa, kina masta ya falsafa na vitabu vyake vya kozi vimeandikwa vizuri, vina falsafa ya Kihindi na ya Kimagharibi. Unachokosa ni yule mtu wa kukuzungushia aya kwa penseli. Tafuta wenzio hata watatu mkutane kila wiki msome maandishi mamoja, bila hivyo utasoma mengi bila mtu wa kukupinga.

Mbona hamsemi kuhusu matabaka ya kijamii, au mnaficha?

Swali la haki kabisa na silipendi linaporukwa. Shankara huyohuyo tunayemsifu kwa kusema ukweli ni mmoja, kwenye maelezo yake ya Brahma Sutra, maandishi ya msingi ya Vedanta, anakubali kwamba Shudra, watu wa tabaka la chini, wasiruhusiwe kuisoma Veda. Ukimaliza semista nzima ya Vedanta bila kukutana na ukurasa huo, umefundishwa nusu. Ndo maana upande wa falsafa ya kisasa ya Kihindi lazima umsome Ambedkar, mwanasheria aliyetoka kwenye jamii iliyobaguliwa na matabaka hayo, maandishi yake ya 1936 ya kutaka mfumo wa matabaka uangamizwe, na ujiulize kwa nini mtu msomi kama yule mwaka 1956 kule Nagpur aliacha Uhindu akaingia Ubuddha na umati mkubwa nyuma yake. Msome pembeni ya Gandhi, hawakukubaliana, na hoja zao zinaumiza.

Imani yangu haitayumba?

Inawezekana ikayumba, na inawezekana ikasimama vizuri zaidi. Niliishi na dada mmoja mcha Mungu sana aliyekuwa anaogopa Charvaka na Hume, na mwisho wake yeye ndiye aliyeandika pepa bora darasani kuhusu hoja za Udayana, kwa sababu alikuwa amezijali kweli. Kozi haikutaki uache wala ushike, inakutaka useme sababu.

Nikimaliza nitapata kazi gani?

Kufundisha, utafiti, uhariri, uandishi, sera. Wahindi wengi wanaichukua falsafa kama somo la hiari kwenye mtihani wa utumishi wa umma, UPSC, ambako ina pepa mbili za alama 250 kila moja. Kazi yenye jina "mwanafalsafa" ni chache mno, na mtu akikwambia vingine hakutakii mema. Panga hela zako ukijua hilo.

Mada ya tasnifu nichaguaje?

Chagua swali, sio watu wawili. "Shankara na Spinoza" sio mada, ni majina mawili. "Je, kutokuwepo kwa kitu kunaonekana kwa macho au kunakisiwa?" hiyo ni mada, maana Nyaya wanasema kutokuwepo kwa chungu mezani unakuona, Mimansa wa kundi la Bhatta wanasema hapana, hiyo ni njia ya pekee ya kujua na ina jina lake, anupalabdhi, halafu upande wa pili kuna Sartre aliyemtafuta rafiki yake kwenye mgahawa akaona kwamba hayupo. Hapo una kazi ya miezi sita na usimamizi wake utapatikana.

Na upunguze. Ukidhani umeshapunguza, punguza tena.

Nina miezi mitatu kabla ya kuanza, nisome nini?

Upande wa Kihindi anza na utangulizi wa Chatterjee na Datta wa mwaka 1939, ni wa zamani lakini umepangika, au wa Hiriyanna wa 1932 ambaye anaandika vizuri zaidi. Dasgupta ana juzuu tano, hizo za kurejea tu, usizianze mwanzo ukasema utamaliza. Ukishajua ramani mtafute Matilal, aliyefundisha Oxford mpaka 1991, ndiye aliyewaonyesha wengi kwamba Nyaya wanaweza kukaa meza moja na Frege na Russell bila kuomba radhi. Upande wa Magharibi usisome historia, soma kitabu chenyewe kimoja, Tafakari za Descartes, ni kifupi, zipo sita, soma moja kwa wiki na kila ukimaliza moja andika ukurasa mmoja wa Charvaka akimjibu. Mwezi unaobaki ni wa Devanagari.